Edelwaisi kwenye bustani ya tambarare: udongo mnono ndio unaoiua

*Swali: Mwaka juzi, mwanzoni mwa majira ya joto, nilinunua miche mitatu ya edelwaisi iliyokuwa imeshachanua, mifupi, myeupe, yenye manyoya. Niliipanda kwenye tuta lenye udongo mweusi mzuri niliouchanganya na samadi iliyooza, nikawa naimwagilia kila jioni. Ilishamiri haraka, lakini mwaka jana vikonyo vilirefuka hadi sentimita 35 vikalala, na maua yakawa ya kijani-kijivu badala ya meupe. Majira ya baridi yaliyopita miwili imeoza pale shina linapoingia udongoni. Ukiuvuta mmea unakatika mkononi. Umebaki mmoja, na sasa umeanza kuchipua. Bustani yangu iko kama mita 200 tu juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi wakati wa baridi na theluji haikai. Jirani mmoja anasema ni baridi iliyoiua. Mwingine anasema nitumie chungu na niweke kokoto chini ili maji yatoke. Nina pia pakiti ya mbegu iliyokaa kwenye friji tangu Novemba: je, zimeshapata baridi ya kutosha? Na nikienda milimani, kuna ubaya kuchimba mche mmoja?*

Ndugu msomaji, dalili ulizotaja zinatosha kujua kilichotokea, na baridi haimo. Edelwaisi ya Alps, milima ya Ulaya (Leontopodium nivale, ambayo maandishi mengi bado yanaiita Leontopodium alpinum) huota porini hasa kati ya mita 1,800 na 3,000, mahali ambapo nyuzi 25 chini ya sifuri si jambo la ajabu. Baridi ya tambarare haiwezi kuiua. Mimea yako imekufa kwa shibe na kwa maji yaliyokaa shingoni mwake, yaani pale shina linapoingia udongoni, na vyote viwili vimetokana na ule udongo mweusi mzuri.

Tuanze na weupe uliopotea, maana ndio unaoeleza mengine. Ile nyota nyeupe si petali. Ni majani ya juu kabisa ya kikonyo yaliyojipanga kuzunguka vichwa vidogo vya manjano, na maua yenyewe, madogo mno, yamo ndani ya vichwa hivyo. Mmea huu ni wa jamii ya alizeti. Majani hayo yamefunikwa na vinyoya vyembamba vilivyosokotana, na weupe unaouona ni mwanga unaorudishwa na vinyoya hivyo. Utafiti wa wanafizikia wa Ubelgiji na Hungaria uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kinyoya kimejengwa kwa nyuzi sambamba zenye unene wa takriban mikromita 0.18 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwamba nyuzi hizo hunasa mionzi ya urujuanimno kabla haijafika kwenye jani lenyewe, huku mwanga ambao mmea unauhitaji ukiachwa upite. Huko juu kinga hiyo ina kazi, kwa sababu mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Vinyoya hivyo hupunguza pia maji yanayopeperushwa na upepo.

Mmea huohuo ukipewa samadi, naitrojeni inaufanya utanue majani kwa haraka. Jani linakuwa pana, vinyoya vinatawanyika, na kijani cha chini kinajitokeza. Shina nalo linarefuka likiwa laini, limejaa maji, na kikonyo ambacho porini kingeishia sentimita 5 hadi 20 kinafika 35 na kulazwa na mvua ya kwanza. Joto la usiku linachangia pia. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mmea ulioko mita 2,200 unaishi kwenye hewa yenye baridi ya nyuzi 13 zaidi ya bustani yako. Hilo huwezi kulibadilisha, na ndiyo maana edelwaisi ya tambarare haitakuwa nyeupe kabisa kama ya mlimani. Shibe unaweza kuiondoa. Ukoo wa mmea haujaharibika. Ukiuhamishia kwenye udongo maskini wenye jua tele, vikonyo vya mwaka unaofuata vitakuwa vifupi na vyeupe zaidi.

Sasa ule uozo. Wengi hudhani mmea wa mlimani umezoea ukame, wakaufanya kama mmea wa jangwani. Milimani mvua hunyesha sana wakati wa majira ya joto. Tofauti ni kwamba maji yanapita kwenye mawe na kutoweka ndani ya dakika chache, mizizi inabaki na unyevu wa ubaridi ulio ndani ya nyufa, na shingo ya mmea inakauka kabla ya jioni. Kisha theluji inaangukia juu ya udongo na kukaa kwa miezi. Chini ya theluji nene joto hukaa karibu na sifuri bila kupandapanda, mmea umelala fofofo, na hakuna tone la maji linaloanguka juu yake mpaka theluji iyeyuke.

Kwako hakuna blanketi hilo. Kuna mvua ya nyuzi 3 hadi 8, wiki baada ya wiki, juu ya mmea ulio nusu macho. Vinyoya vilivyousaidia wakati wa jua sasa vinashika matone. Udongo wenye samadi nyingi unashika maji yaliyobaki, hewa inakosekana kwenye mizizi, na kuvu wa uozo, hasa ukungu wa kijivu ambao hustawi hata kwenye ubaridi, wanaingia kupitia majani yaliyokufa hadi shingoni. Ndiyo maana mmea ulikatika mkononi mwako pale pale. Kama ungekuwa umeuawa na baridi tupu, ungekuta vichipukizi vimekauka au vimekuwa vyeusi huku shingo ikiwa bado ngumu.

Kuhusu ushauri wa jirani wa pili: chungu ni wazo zuri, kokoto chini si wazo zuri. Hili linarudiwa kila mahali, kwa hiyo nalieleza kwa urefu kidogo. Maji yanayoshuka kwenye udongo wenye vitundu vidogo hayaruki kirahisi kuingia kwenye tabaka lenye vitundu vikubwa. Yanasimama juu ya kokoto mpaka udongo ulioko hapo uwe umeshiba kabisa, ndipo yanaanza kudondoka. Chini ya kila chungu kuna tabaka la udongo lililoloa ambalo halikauki kwa uzito wa maji peke yake, na unene wake unategemea aina ya udongo, hautegemei kina cha chungu. Unaweza kulijaribu kwa sifongo la kuoshea vyombo: liloweshe, lishike likiwa limelala bapa mpaka liache kudondosha, kisha lisimamishe wima. Litadondosha tena, kwa sababu lile tabaka la maji lina unene uleule lakini sasa limekalia eneo dogo. Ukiweka kokoto chini ya chungu unalisogeza tabaka hilo juu, karibu na mizizi na shingo. Dawa yake ni mbili: chungu kirefu, na changarawe iliyochanganywa kwenye udongo wote, kutoka juu hadi chini. Tundu la chini lifunike kwa kipande cha wavu tu ili udongo usimwagike.

Mchanganyiko wenyewe, kwa kipimo cha ujazo, ni huu: sehemu 1 ya udongo tifutifu usio na mbolea, sehemu 1 ya mboji ya majani iliyochekechwa, na sehemu 2 za changarawe kali ya milimita 3 hadi 6. Kwa mvua kama ya kwako ningeongeza changarawe ifike sehemu 3. Iwe changarawe ya kusagwa yenye kingo. Ile ya mviringo ya mtoni hujipanga na kubanana. Ioshe kwanza mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu vumbi lake huziba vile vitundu unavyovitafuta. Mchanga laini wa kujengea usiutumie kabisa. Mchanganyiko ulio sawa ukiufinya ukiwa na unyevu unasambaratika mara unapoachia mkono, na maji ukiyamwaga juu ya chungu kilichojaa yanazama papo hapo bila kufanya dimbwi.

Chokaa? Edelwaisi hupenda miamba ya chokaa, na udongo wenye pH (kipimo cha tindikali ya udongo) kati ya 6.5 na 8 unaifaa. Usinyunyize chokaa iliyochomwa, inaunguza mizizi na kupandisha pH ghafla. Kama udongo wako una tindikali, badilisha nusu ya changarawe kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Yanayeyuka polepole kwa miaka. Na maji ya bomba yenye chumvichumvi za chokaa, ambayo huua mimea mingine ya vyungu, hapa hayana neno.

Pa kupandia una njia tatu. Ya kwanza ni tuta la mawe: kitanda kilichoinuliwa angalau sentimita 30, ikiwezekana 40, kimejazwa mchanganyiko uleule, kikielekea jua na kuinama kidogo ili maji yateremke. Linapendeza na halihitaji kumwagiliwa sana, lakini ni kazi kubwa, na likishatengenezwa vibaya ni gumu kulirekebisha. Ukilijenga juu ya udongo wa mfinyanzi, lima kwanza sehemu ya chini kwa jembe uma, la sivyo umetengeneza bakuli. Ya pili ni bustani ya nyufa, mtindo ulioendelezwa sana na wapenzi wa mimea ya milimani wa Ucheki: vibao vya mawe vinasimamishwa wima vikikaribiana, sentimita 2 hadi 3 kati ya kimoja na kingine, sehemu kubwa ya kila kibao ikiwa imezikwa, na mimea michanga inapachikwa katikati. Hakuna njia inayoikaribia asili kuliko hii, wala inayokula mawe mengi kuliko hii. Ya tatu ni chungu cha udongo wa kuchomwa chenye kina cha sentimita 20 au zaidi.

Kwa mtu aliyebaki na mmea mmoja na anayepigwa na mvua ya baridi, nakushauri chungu. Unaweza kukisogeza, kukifunika, na kuona mapema kinapoharibika. Udhaifu wake ni kwamba kinakauka haraka wakati wa joto na kinapata moto na baridi pande zote. Kizike hadi mdomoni kwenye sanduku la mchanga, tatizo hilo linapungua sana.

Mahali pawe na jua la saa 6 au zaidi. Kama majira yenu ya joto yana siku nyingi zinazovuka nyuzi 30, chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia alasiri. Upepo usiuogope, ndio unaokausha shingo.

Mmea uliobaki usiusubirishe. Sasa unapochipua ndio wakati wake. Ung'oe kwa jembe uma kutoka mbali kidogo, usiuvute kwa mkono. Uoshe mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka ule udongo mweusi utoke wote. Hatua hii watu huiruka, halafu bonge la udongo mnono linabaki katikati ya changarawe likishika maji kama zamani. Kagua mizizi: iliyo myeupe au rangi ya maziwa na ngumu ni mizima, ya kahawia inayobonyea ikate kwa mkasi safi. Kama mmea una vichaka viwili au vitatu vilivyo na mizizi yao, vitenganishe, upate akiba. Panda shingo ikiwa sentimita 1 juu ya usawa wa mchanganyiko, kisha jaza pengo hilo kwa matandazo ya changarawe tupu hadi chini ya majani ya kwanza. Matandazo hayo ndiyo yanayoiweka shingo kwenye mawe makavu wakati mizizi iko kwenye unyevu. Mwagilia mara moja kwa wingi, weka kivulini siku 7 hadi 10, kisha rudisha juani taratibu. Mbolea usiweke. Mwaka huu huenda usichanue vizuri, na hilo si kitu.

Baada ya hapo umwagiliaji ni wa kidole: chimba kidogo chini ya matandazo, ukikuta pakavu kwa kina cha sentimita 3 mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Wakati wa joto chungu kinaweza kutaka maji kila siku ya pili au ya tatu. Tuta lililokwishashika mizizi litataka pale tu mvua inapokosekana kwa wiki nzima. Mwagilia asubuhi, na maji yaende kwenye changarawe, yasinyeshee vinyoya. Chakula: mmea wa kwenye tuta usipewe chochote. Wa kwenye chungu, kuanzia mwaka wa pili, upewe mara moja tu unapoanza kuchipua, mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo (ile ya nyanya inafaa) kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Kuhusu mbegu zako: kukaa kwenye friji zikiwa kavu kumezihifadhi, hakujaziamsha. Baridi hufanya kazi kwenye mbegu iliyokwisha kunywa maji. Mbegu kavu haisikii majira. Habari njema ni kwamba edelwaisi si ngumu. Mbegu mpya huweza kuota hata bila baridi, ila ukizipa wiki chache za ubaridi zikiwa na unyevu huota kwa wingi na kwa pamoja. Kinachozikwamisha zaidi ni giza, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote na wengi huzifukia.

Chukua chungu cha sentimita 9, kijaze mboji laini na mchanga mkubwa uliooshwa, nusu kwa nusu, gandamiza kidogo. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu ili zisirundikane, uzinyunyize juu. Usizifunike kwa udongo. Vijiwe vichache vya milimita 2 vinavyoacha nafasi za mwanga vinatosha. Kalisha chungu kwenye sinia lenye maji kwa nusu saa ili kinywe kutoka chini, kwani kumwagilia juu kutazisukuma zote pembeni. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, kiweke kwenye friji kwa nyuzi 2 hadi 5, wiki 3 au 4. Sehemu ya kugandisha usiikaribie. Ukitoa, kiweke mahali penye mwanga mwingi usio wa jua kali, nyuzi 15 hadi 18. Tegemea kuona vijani baada ya wiki 2 hadi 4. Siku ya kwanza unayoviona, toa plastiki, la sivyo vitalala na kufa kwa kuvu ndani ya siku mbili.

Vikiwa na majani manne ya kweli, atika kila kimoja kwenye chungu cha sentimita 7 chenye mchanganyiko wa changarawe, ukikishika kwa jani, kamwe si kwa shina. Vikijaza chungu kwa mizizi, kwa kawaida mwishoni mwa majira ya joto, vihamishe kwenye makazi ya kudumu. Kama umechelewa na vuli imeingia, viache hadi mwaka unaofuata. Mche mdogo unaoingia kwenye mvua ya baridi bila kushika mizizi haurudi. Maua yataanza mwaka wa pili, baada ya kupita majira ya baridi moja. Panda mbegu chache kila mwaka bila kukosa. Edelwaisi ya tambarare, hata ikitunzwa vyema, mara nyingi huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, na mwenye bustani anayeonekana ana mkono mzuri kwa kawaida ana miche mipya nyuma ya nyumba. Unaweza pia kugawa kichaka kila baada ya miaka 3, wakati wa kuchipua kama sasa.

Kinga ya mvua iwekwe mwishoni mwa Oktoba na kuondolewa Machi. Kipande cha kioo au plastiki ngumu angavu, sentimita 30 kwa 30 kwa mmea mmoja, kikae kimeinama juu ya vijiti vinne au waya mnene, kama sentimita 15 juu ya mmea. Pande zote ziwe wazi. Kuufunika mmea kwa ndoo, mfuko au sanduku lililofungwa ni kuuandalia kuvu chumba cha joto na unyevunyevu, na hapo heri ungeuacha kwenye mvua. Kabla ya kufunika, kata kwa mkasi majani yaliyokufa na vikonyo vya zamani. Usivinyofoe, kila kidonda shingoni ni mlango. Ndani ya nyumba usiuingize. Bila baridi mmea haupumziki, unaendelea kunyanyuka kwa mwanga hafifu, na mwaka unaofuata hauna nguvu ya kuchanua. Kwa sababu hiyohiyo, msomaji anayeishi mahali pasipo na majira ya baridi namshauri atafute mmea wa milima iliyo karibu naye, hii itamsumbua.

Wadudu ni wachache. Koa hupenda vichipukizi vipya, na changarawe kali hupunguza hamu yao lakini haiwazuii kabisa. Pita na tochi usiku. Vidukari hukaa chini ya majani na huondolewa kwa maji. Kwenye vyungu, mmea unaonyauka ilhali udongo una unyevu wa kutosha, mimina chungu uangalie: funza weupe waliojikunja ni watoto wa fukusi, wanaokula mizizi. Waokote wote, badilisha mchanganyiko, upande upya.

Kabla hujanunua miche mingine, soma jina la Kilatini kwenye kibandiko. Inayouzwa kwa jina la edelwaisi si yote ya Alps. Jenasi hii ina spishi nyingi zaidi Asia, hasa China na milima ya Himalaya, na baadhi huonekana sana kwenye vitalu. Leontopodium souliei, kwa mfano, hutambaa na kufanya zulia, na kwenye bustani zenye unyevu huwa na subira kuliko ya Alps. Kwa hali yako si chaguo baya hata kidogo, mradi unajua unachonunua. Nyota yake ni ndogo, na asiyeijua ya Alps hataona tofauti. Ukinunua mmea wenye maua mapema kabla ya majira yake, ujue umelazimishwa ndani ya kitalu. Weupe na ufupi wake wa dukani hautabiri utakavyokuwa kwako.

Kuchimba mlimani: usichimbe. Edelwaisi inalindwa kisheria sehemu nyingi za Alps, na ulinzi huo una umri mrefu. Jimbo la Obwalden huko Uswisi lilikataza kuing'oa tangu mwaka 1878, baada ya watalii na wauzaji kuimaliza kwenye miteremko inayofikika. Zaidi ya sheria, mche wa mlimani una mzizi ulioingia ndani ya ufa kuliko unavyoweza kuchimba, na ukikatika pale mmea unakufa njiani. Mbegu nazo zisichukuliwe porini bila kuuliza ofisi ya hifadhi ya eneo husika. Mbegu za mimea iliyolimwa zinapatikana bila taabu, na miche yake imeshakulia maisha ya bustani.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaamua. Kama mmea wako ukiuosha ukakuta shingo yenyewe ina pete ya kahawia, au mizizi yote inachubuka na kuacha uzi katikati, usiupande kwenye chungu kipya mara moja. Ufunge kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, uupeleke kwenye kliniki ya mimea au bustani ya mimea iliyo karibu ili wakuambie ni kuvu gani, kwa sababu baadhi hubaki udongoni kwa miaka na itabidi usipande edelwaisi kwenye tuta lile la zamani. Pima pH ya udongo wa tuta hilo kwenye maabara ya udongo kama unakusudia kulijenga upya kwa mawe. Vijiti vya bei rahisi vya kuchomeka hudanganya. Na ukipata chama cha wapenda mimea ya milimani katika eneo lako, nenda na picha za mmea wako wa mwaka wa kwanza na wa pili. Watu wa huko wana mbegu za ziada kila vuli, na watajua kama changarawe inayouzwa kwenu ni ya kusagwa au ya mtoni.